Ubao Ulikuwa Mtupu

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mtu wa bahati. Naanza na hilo ili atakayeokota daftari hili ajue ameshika mali ya nani. Wapo waliozaliwa na meno. Mimi nilizaliwa na nyota, ndiyo maana jina langu la shule limeoza na wote wananiita Nyota, hata mke wangu akiwa amenuna. Nimekula chumvi nyingi. Nimesugua sakafu za meli, nimechimba visima, nimepikia watu mia tatu machimboni na hakufa hata mmoja. Nimeanguka kutoka juu ya paa mara mbili, na mara zote mbili nimekuta fundi mwenzangu ameacha lundo la mchanga hapohapo chini.

Lakini hivyo ni vitafunio. Mlo wenyewe ni huu: miaka kumi na tisa iliyopita, nikiwa muosha matangi kwenye kiwanda cha bia, nilitoka ndani ya tangi namba tisa, na robo saa baadaye tangi lilelile likamuua rafiki yangu niliyemwacha humo akisuuza. Robo saa. Kama hiyo si bahati, basi neno hilo lifutwe.

Kiwanda kilifungwa wiki ileile na hakijafunguliwa tena. Sasa kimeuzwa. Mvua zikiisha watakuja wakata chuma, watakikata vipande kama mkate. Mwenye mali mpya anataka kila chumba kichorwe kwanza, na aliyepewa kazi ya kuchora ni Injinia, binti wa kaka yangu. Kaka yangu na mimi hatujasalimiana tangu siku hizo. Leo binti yake amesimama mlangoni kwangu na kofia yake ya kitambaa mkononi, akasema, "Shikamoo, Baba Mdogo. Nahitaji mtu anayekijua kile kiwanda kwa ndani." Nilimwambia amepata dume la mbegu. Akanipa daftari hili, niandike kila siku tulichokiona, niandike kama ninavyoongea. Darasa langu la sita halijawahi kupata heshima hii.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Ufunguo wa Mlinzi wa lango umegoma kuzunguka, tumeingilia mlango wa kupakulia shayiri. Ndani, popo wengi kuliko wateja tuliowahi kuwa nao. Injinia anapima, mimi nashika ncha ya futi na kuandika namba ukutani kwa chaki. Miandiko yangu mikubwa na mizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Ukumbi wa chupa. Sijapata kuona kitu kama kile, na mimi ni mtu niliyeona mengi. Chupa bado ziko juu ya mkanda, zimepangana, nusu zina vizibo na nusu hazina, kama watu kwenye foleni ambao hakuna aliyewaambia dirisha limefungwa. Juu ya stuli kuna miwani ya mtu. Kalenda ukutani imesimama kwenye siku ile. Injinia alipangusa vumbi kwenye kalenda kwa kidole, akaitazama kwa muda mrefu. Nikampigia hadithi ya yule mfanyakazi aliyekuwa akificha chupa ndani ya buti mpaka akatembea kama bata. Akacheka kidogo, kwa adabu tu.

Jumatatu, 10 Machi

Upepo umenivunjia mwavuli. Injinia akasema atanipelekea kwa fundi wa miavuli. Fundi mwenyewe namjua: ni baba yake. Tangu alipotoka kifungoni anakaa kibarazani kwake anaunga miavuli ya watu, yeye aliyekuwa nyapara wa matangi yote, mabuti meupe, funguo kiunoni. Nikasema sawa, upeleke. Mwavuli hauna ugomvi na mtu.

Jumatano, 12 Machi

Jungu kuu la shaba. Nilikuwa namsimulia Injinia kwamba mle ndani watu wanane wangecheza ngoma, nikapanda ngazi kumwonyesha, nikachungulia, nikakutana uso kwa uso na mti. Mti mzima, umeota ndani ya jungu, kichwa chake kimetokea kwenye bomba la moshi. Nilishuka ngazi bila kukanyaga ngazi. Mlinzi amecheka mpaka akakaa chini.

Vyumba vya kubadilishia nguo tumevipita. Kabati langu lipo, na kufuli langu bado linaning'inia. Ufunguo ninao mpaka leo kwenye kishada changu, kati ya wa nyumba na wa choo. Nitajie wangapi wanaotunza hivyo. Sikulifungua. Kutu.

Alhamisi, 13 Machi

Mwavuli haujarudi. Navaa gunia la plastiki kichwani. Mke wangu anasema nafanana na kabeji iliyoshushwa bei.

Jumatatu, 17 Machi

Leo ukumbi wa matangi. Lazima niandike vizuri.

Matangi kumi na mawili, marefu kuliko nyumba yangu, yamepasuka rangi. Tangi namba tisa liko kulekule. Pembeni ya mlango wake mdogo wa duara kuna ubao wenye misumari, na hapa inabidi nieleze kwa atakayesoma. Kila muosha matangi alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake. Ukiingia ndani ya tangi unatundika kibati chako msumarini. Ukitoka unakichukua. Nyapara haruhusiwi kufungua bomba mpaka ubao uwe mtupu. Bomba gani? La hewa nzito, ile inayoipa bia povu. Tangi likishaoshwa hujazwa hewa hiyo kabla ya bia mpya. Haina rangi, haina harufu, haina sauti. Mtu akiikuta ndani anasinzia kama aliyeshiba, na haamki.

Rafiki yangu tulikuwa tunamwita Mluzi, maana humo ndani hakuwa na kazi nyingine ila kupiga mluzi. Siku ile nilimaliza, nikatoka. Yeye akabaki anasuuza pembe ya chini. Kaka akafungua bomba.

Kwenye uchunguzi Kaka alisema aliita mara mbili, hakujibiwa, na ubao ulikuwa mtupu. Mimi niliulizwa, nikainua mkono wa kulia nikasema kibati cha Mluzi nilikiacha kikining'inia msumarini, namba thelathini na moja. Wakatafuta kibati kila mahali hawakukiona. Wakasema nyapara amefungua bila kuangalia, kisha amekitupa kibati kuficha kosa. Akafungwa miaka miwili. Kikulacho ki nguoni mwako: kaka yangu wa tumbo moja ameniulia rafiki, halafu akataka kunifanya mwongo. Hapo ndipo salamu zilipokatika, na aliyezikata ni mimi.

Injinia alisimama mbele ya ule ubao, mvua inapiga mabati, nikadhani anapima. Kumbe hapimi.

"Baba Mdogo," akasema, "mimi nimeiomba kazi hii. Natafuta kibati namba thelathini na moja. Nikikikuta mahali ambapo Baba asingeweza kukitupa, nitakwenda nacho kwa wale wale waliomfunga."

Nikamuuliza, na usipokikuta? Akasema wakata chuma wanaanza tarehe tano Mei, baada ya hapo hakuna wa kukikuta tena, kitayeyushwa pamoja na matangi. Nikamwambia mwanangu, kibati hicho kiko chini ya mto, baba yako ana mkono mrefu. Sikulisema kwa ubaya. Hakukasirika. Alipiga magoti akaanza kufungua vifuniko vya mifereji, kimoja kimoja.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mifereji.

Ijumaa, 21 Machi

Mifereji. Tumekuta chura, vizibo, na jino la mtu la bandia. Namba thelathini na moja hakuna.

Jumatatu, 24 Machi

Injinia amerudi na ujumbe: fundi wa miavuli anasema mwenye mwavuli aje mwenyewe kuuchukua. Nikasema mwambie mwenye mwavuli amezoea gunia.

Alhamisi, 3 Aprili

Naona haya kukiri lakini huyu binti ninampenda. Anakula mkate wangu nusu bila kuniomba, kama mwanangu wa kumzaa. Alikuwa na miaka saba walipomchukua baba yake. Leo ameniambia shuleni watoto walikuwa wakiziba pua wakimwambia baba yako anaua watu kwa hewa. Aliniambia huku anakunja futi, kama anasimulia habari za jirani. Nilimsogezea mkate wote uliobaki.

Kabati sikulifungua. Nilikuwa na haraka.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumeanza ghala la chini, kule ilikokuwa inalazwa bia. Mimi ndiye mwalimu. Kwanza mshumaa ndani ya kopo, unateremshwa kwa kamba: ukizimika, na wewe utazimika. Uliwaka. Pili, kanuni. Mlango wa ghala ni wa chuma, wenye komeo kwa nje, na Mlinzi lazima aufunge mvua ikizidi, la sivyo maji ya uani yanaingia. Kwa hiyo nikapigilia msumari pembeni ya mlango: anayeshuka anatundika kitu chake. Injinia ametundika kofia. Mimi natundika gunia. Mlinzi akiona kitu kinaning'inia hafungi hata mbingu zikianguka. Injinia akasema, "Kama ule ubao." Nikasema ndiyo, kama ule ubao, ila huu una mtu makini.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kubwa. Nusu siku tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo naandika polepole, atakayesoma anivumilie.

Mvua ilianza saa tano asubuhi, ile ya kumwaga kwa ndoo. Injinia alikuwa chini peke yake, amebakiza ukuta mmoja. Kofia yake iko msumarini. Mimi niko juu nimemaliza kuandika namba zangu, naona tone linatoka kwenye bati bovu linaangukia kofia, to, to, to. Ni kofia ya kitambaa, aliniambia ni zawadi ya baba yake siku alipomaliza chuo. Nikaitazama. Baada ya hapo nilichukua mfuko wangu nikaenda kibandani kwa Mlinzi kunywa chai.

Mlinzi hakuwepo, alikuwa anazunguka. Akarudi amelowa, akakaa, nikammiminia. Nikaanza kumsimulia ile habari ya bahati yangu, tangi namba tisa, robo saa. Ameshaisikia mara sita lakini ni mtu mwenye heshima. Nilipofika kwenye robo saa akaniuliza, yule binti amekwenda nyumbani mapema leo? Nikasema yuko chini. Akasema hapana, mlango nimeshafunga, maji yalikuwa yanaingia. Nikasema umefungaje na kofia iko msumarini? Akasema msumari hauna kitu.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia mzee, macho yako yameota ukungu, kofia nimeiona kwa haya yangu mawili. Akasema msumari hauna kitu. Tukabishana. Tulibishana, yeye na mimi, vikombe mkononi, muda wa kumaliza chai. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, na mimi nikasimama, tukakimbia.

Msumari haukuwa na kitu.

Komeo lilikuwa limekwama, tulilivuta wawili. Injinia alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu kabisa, gizani, maji yaliyopenya kwa mifereji yamemfika magotini. Mshumaa wake ulikuwa umezimika, kopo lake linaelea. Alikuwa amegonga mlango saa nzima, viganja vimevimba kama mikate. Hakulia. Alipumua tu kwa nguvu, kama mtu aliyetoka kuzaa.

Hapo ndipo nilipomgeukia Mlinzi. Nilimtukana mbele ya yule binti. Nilimwita kipofu, nilimwita muuaji. Nikainua mkono wa kulia nikaapa kwa haki ya Mungu kwamba kofia niliiacha msumarini. Mlinzi alivua koti lake akamfunika Injinia, akarudi nyuma, akasimama kwenye mvua.

Nikafungua mfuko wangu kumtolea taulo. Kofia ikatoka. Kavu. Nimeikunja vizuri mara mbili, kama ninavyokunja nguo zangu mwenyewe.

Nimejaribu tangu jioni kukumbuka mkono wangu ukienda kwenye msumari. Sikumbuki. Nakumbuka tone, nakumbuka chai. Katikati hakuna kitu.

Injinia aliishika kofia, akaikunjua. "Ilikuwa inalowa?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Ahsante, Baba Mdogo," akasema. Halafu akanitazama, na akaendelea kunitazama, na mimi nikaanza kukusanya futi na kamba na vikombe ambavyo havikuwepo.

Ijumaa, 18 Aprili

Mgongo unauma. Sikwenda.

Jumamosi, 19 Aprili

Mgongo.

Jumapili, 20 Aprili

Mke wangu anasema huu ni mgongo wa aina gani unaokataa hata chai. Nimemwambia anyamaze. Miaka thelathini sijamwambia hivyo. Hakukasirika, alikaa tu kitandani akinitazama kama mgonjwa.

Niliapa kwa mkono ule ule. Kofia ikiwa mfukoni mwangu. Na nilikuwa sisemi uongo. Nilikuwa naiona kofia msumarini kama ninavyoona mlango huu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefungua kabati.

Nilifika mapema, kabla ya Injinia. Mlinzi alinifungulia, nikamwomba radhi, nikashika mikono yake yote miwili. Akasema yameshapita. Nikamwambia hayajapita, subiri.

Ufunguo uliingia na kuzunguka, laini, kama jana. Nilikuwa nimetegemea kutu inisaidie. Ndani kuna kandambili zangu, kopo la mafuta ya nywele na ovaroli langu la bluu. Siku ile king'ora kilipolia tulikimbilia kwenye tangi, tukafukuzwa pale, nikalivua nikalitundika, na kesho yake lango likafungwa, hatukuruhusiwa tena kuingia. Limekauka likawa gumu kama ngozi ya ngoma. Mfuko wa kushoto ulikuwa na uzito. Nikaingiza vidole.

Vibati viwili. Ishirini na nane, ambacho ni changu. Na thelathini na moja.

Nilikaa sakafuni. Nilikaa pale vumbini, mimi niliyeangukia mchanga mara mbili, na nikakumbuka yote kama mtu aliyemwagiwa maji. Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi kila mfanyakazi alipata magi moja ya bia bure dirishani, na pale dirishani hakuna aliyeuliza jina, ulionyesha kibati. Foleni ilikuwa ndefu na bia ya mwisho ilikuwa ya moto. Basi tulikuwa na desturi yetu, hakuna aliyetufundisha na hakuna nyapara aliyeikubali: anayetoka mapema anachukua kibati cha mwenzake na kumshikia foleni. Mara ngapi Mluzi alinishikia mimi. Siku ile nilimwona amebakiza pembe moja tu, dakika tano, anapiga mluzi. Hakuniomba. Nikajisemea nimshikie, yule ndugu yangu asije akakuta bia ya moto. Nikatoa vibati vyote viwili nikaenda zangu.

Nilikuwa wa nne kwenye foleni king'ora kilipolia.

Kaka hakuwa mwongo. Aliangalia ubao, aliita mara mbili mitambo ya chupa ikilia, akafungua bomba kama kazi ilivyotaka. Kibati hakikuwa chini ya mto. Kilikuwa nguoni mwangu, na ile methali niliyomrushia kaka yangu ilikuwa inanitafuta mimi.

Injinia aliingia akanikuta nimesimama. Akauliza kama mgongo umepona. Nikasema umepona. Vibati vilikuwa ndani ya soksi yangu.

Jumatano, 23 Aprili

Sikumwambia.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kidogo. Sikumwambia. Anafungua mifereji ya uani sasa, viganja vyake bado vina uvimbe. Nilimshikia taa. Mtu anatafuta kitu kwa siku arobaini, na mwingine anamshikia taa akiwa nacho mguuni.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua limetoka mchana, mara ya kwanza. Nimejisikia vibaya kuliko siku zote za mvua. Wiki ijayo wanakuja. Inatosha mtu aingie ukumbi wa matangi, akitupe kibati ndani ya namba tisa, akae kimya. Kitayeyuka. Mluzi hatafufuka kwa kusema kwangu. Nimeyaandika haya ili nione yanavyoonekana kwenye karatasi. Yanaonekana kama miandiko ya mtu mwingine.

Jumatano, 30 Aprili

Niliingia ukumbi wa matangi. Nilisimama mbele ya namba tisa na mlango wake uko wazi. Nikateremsha mshumaa kwa kamba, sijui kwa nini, mazoea. Uliwaka mpaka chini, nikaona pembe ile aliyokuwa anasuuza. Ni ndogo sana. Nikatoka na vibati vyangu.

Alhamisi, 1 Mei

Injinia amefunga vitabu vyake. Michoro imekwisha. Amesema mifereji yote imekwisha pia. "Nilijaribu," akasema, na akavaa kofia yake. Hiyo tu.

Jumapili, 4 Mei

Leo saa nne asubuhi nimekwenda kuchukua mwavuli wangu.

Kaka alikuwa kibarazani, miavuli imemzunguka kama kunguru waliotulia. Amekuwa mdogo. Nilikuwa namkumbuka mrefu. Injinia alikuwa anaanua nguo, akaniona, akasimama na shuka mikononi. Nikasema shikamoo, Kaka. Akaniangalia. Akaitikia marahaba, kwa sauti ileile ya kuitia watu ndani ya matangi.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, njiani nilikuwa na hotuba nzima, hata kichekesho kimoja cha kuanzia. Niliweka vibati viwili juu ya meza yake, kati ya koleo na uzi.

Injinia alishusha shuka chini, kwenye tope. Alikuja akakigusa kile cha thelathini na moja kwa kidole, kama alivyoigusa kalenda. Akasema "Wapi", nikamwambia: mfukoni mwangu, ndani ya ovaroli langu, ndani ya kabati langu, kwa ufunguo ambao nimetembea nao miaka yote kumi na tisa. Aliingia ndani ya nyumba na hakutoka kwa muda mrefu. Tulimsikia. Alipokuwa gizani majini hakulia, leo alilia.

Kaka hakuvigusa. Alikuwa bado anashona kitambaa cha mwavuli wa mtu. Ndipo aliposema jambo ambalo tangu asubuhi linanigonga kichwani.

"Nilikuona," akasema. "Nilipita dirishani naenda kufungua bomba jingine. Ulikuwa kwenye foleni, una vibati viwili, unavigonganisha, unacheka."

Alikuwa hajui wakati huo kingine ni cha nani. Alijua waliposimamisha king'ora.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilisikia sauti yangu ikiuliza na nikaona aibu nayo.

"Nilisema ubao ulikuwa mtupu," akasema. "Hilo lilikuwa langu, nikalisema. Lililobaki lilikuwa lako. Mwezi wa kwanza nikadhani utakuja. Mwaka wa kwanza nikadhani utakuja. Baadaye nikawa nafanya kazi zangu."

Hakuniambia amenisamehe. Sikuomba, niliogopa atanipa kwa sababu ya malezi tu. Aliinuka akaenda pembeni, akarudi na mwavuli wangu, umefungwa kwa kamba, una vumbi.

"Ulikuwa na chuma kimoja tu kilichovunjika," akasema. "Niliumaliza siku ileile ulipoletwa."

Kesho asubuhi, kabla wakata chuma hawajawasha moto wao, tunakwenda watatu nyumbani kwa mama yake Mluzi. Yu hai, anasikia kwa shida, itabidi niseme kwa sauti kubwa na majirani watasikia. Kisha tunakwenda kwa wale waliomfunga Kaka, na huko nitainua tena ule mkono. Injinia ametaka daftari hili niliweke pamoja na michoro. Alitoka ndani macho mekundu akasema hilo tu, na hakuniita Baba Mdogo.

Nitamkabidhi asubuhi. Mwanangu, ulisema niandike kama ninavyoongea. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwamba mimi ni mtu wa bahati. Si kweli. Nilitoa kibati cha Mluzi msumarini, nikaapa kwamba sikukitoa, na baba yako akafungwa mahali pangu.